Herufi moja yatosha kukunyang'anya mteja

Msomaji, ikiwa una biashara yenye anwani kwenye intaneti, iwe ni duka la mapazia, shule ya chekechea, gereji au nyumba ya wageni, nina swali moja kwako. Je, unajua mteja wako huliandika vipi jina la biashara yako anapokuwa peke yake na simu mkononi? Sikuulizi wewe unaliandika vipi. Hilo unalijua, maana ndiwe uliyelibuni, ukalisajili na kulichora kwenye bango. Nauliza analiandika vipi yule aliyelisikia kwa jirani, ndani ya matatu au redioni, na ambaye hajawahi kuliona popote.

Swali hili si la mchezo. Kati ya jina unaloliandika wewe na jina analoliandika mteja kuna pengo dogo, pengine la herufi moja tu. Ndani ya pengo hilo ndimo matapeli wa siku hizi wamejenga vibanda vyao.

Hebu tuanze na msingi, kwa ajili ya wale ambao mambo haya ya tarakilishi huwapiga chenga. Anwani ya tovuti, ambayo wataalamu huiita jina la kikoa, ni kama nambari ya sanduku la posta. Barua iliyokusudiwa sanduku nambari 1540 ikiandikwa 1450, karani wa posta hakai akafikiri kwamba huenda mwandishi aliteleza kalamu. Huitia katika sanduku la 1450 akaenda zake. Tarakilishi nazo ndivyo zilivyo. Hazikisii. Ukikosea herufi, zitakupeleka pale pale ulipoandika. Kama hapana mtu, utaambiwa kwamba ukurasa haupatikani. Kama kuna mtu aliyekwisha kuikodi anwani hiyo, utaingia kwake, awe mwema au mwovu.

Na kukodi anwani si kazi kubwa. Hapa Kenya, majina yote yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika liitwalo KENIC, na husajiliwa kupitia kwa mawakala. Makampuni hutumia .co.ke, mashirika yasiyotafuta faida .or.ke, vyuo .ac.ke, shule .sc.ke na serikali .go.ke. Tangu 2017 mtu anaweza pia kusajili jina linaloishia kwa .ke pekee. Kwa majina ya kibiashara, awahiye ndiye apataye. Wakala hakuulizi kama jina unalolitaka limefanana na la mwenzio. Unalipa ada ya mwaka, ambayo kwa kawaida haifiki bei ya mbuzi, na jina ni lako hadi mwaka uishe.

Sasa fikiria mtu asiye na haya. Anakwenda kwa wakala na kusajili jina la biashara yako likiwa limekosewa herufi moja makusudi. Ananakili picha zako na maelezo yako, anabadilisha nambari ya simu peke yake, kisha anakaa kitako kuwasubiri wateja wako wakosee. Hahitaji kuvunja mlango wala kuiba neno la siri.

Haya nayaandika kwa sababu niliyaona yakitendeka. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, na kiinua mgongo chake alikitumia kujenga nyumba nne ndogo za wageni huko Watamu. Jina la biashara yake sitalitaja, kwa ombi lake, ila nitasema tu kwamba katikati yake mna herufi 'r'. Desemba 2022 nilikuwa kwake kwa likizo. Siku mbili baada ya Krismasi, jua likielekea kutua, gari liliingia uani likiwa limejaa vumbi la safari. Akashuka bwana mmoja, mkewe na watoto watatu, mdogo wao akiwa amelala begani kwa mamake. Walikuwa wametoka Nakuru.

"Habari ya jioni, Mama," alisema yule bwana. "Sisi ndio wale tuliolipia nyumba kwa siku tano."

Shangazi alifungua daftari lake. Majina yao hayakuwamo. Yule bwana akatoa simu na kumwonyesha ujumbe wa malipo ya Sh30,000. Jina la mpokeaji lilikuwa la mtu tusiyemjua. Kisha akafungua ukurasa alioutumia. Picha zilikuwa zile zile, hata paka wa shangazi alikuwapo, amejilaza kwenye ngazi. Nililisoma jina juu ya ukurasa ule mara tatu ndipo nikaona. Palipostahili kuwa na 'r' palikuwa na 'l'.

Bwana yule hakuwa mzembe. Jina alikuwa ameambiwa kwa mdomo na mwenzake wa kazini aliyewahi kulala hapo, naye akaliandika kama alivyolisikia. Mke wake aliinamisha kichwa. Watoto walikuwa wameanza kuuliza bahari iko upande gani.

"Watoto waingie ndani kwanza, wapate maji na chakula," shangazi alisema. "Hayo mengine tutayazungumza baadaye, mwanangu."

Nyumba moja ilikuwa wazi kwa siku mbili kabla ya wageni wengine kufika. Aliwapa bila malipo. Siku ya tatu familia ile ilirudi Nakuru. Lakini neno lililomuuma shangazi zaidi lilitamkwa na yule bwana wakati wa kuagana, kwa sauti ya chini na bila ubaya wowote. Alisema, "Mama, mimi nakuamini. Tatizo ni kwamba sijui nitamweleza vipi yule aliyenipa jina lako."

Unaona basi, msomaji, hasara ilivyogawanyika. Baba wa watu alipoteza pesa alizokuwa amejikusanyia. Shangazi alipoteza mapato ya siku mbili, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyemsifu mbele ya wenzake sasa alionekana kama aliyewaelekeza kwa wezi. Katika biashara inayoishi kwa kusifiwa na waliokwisha kufika, hasara hiyo haina stakabadhi wala bima.

Nilimsaidia kuandika barua za malalamiko. Tulipiga picha za ukurasa ule bandia, tukaandika tarehe na saa, tukatafuta ni wakala gani aliyelisajili jina lile, tukamwandikia, na shangazi akapiga ripoti polisi. Baada ya wiki kadhaa ukurasa uliondolewa. Aliyeuweka hakupatikana.

Lakini jambo lililonifunza zaidi ni alilolifanya shangazi baadaye. Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Alichukua kalamu nyekundu, akaketi na kupitia jumbe zote za simu na barua-pepe alizotumiwa na wageni mwaka ule, akinakili kila mahali walipoliandika jina la nyumba zake. Makosa yalikuwa mengi, lakini alipoyapanga aligundua kwamba yote yalikuwa ya aina tatu tu. Kuna walioandika 'l' badala ya 'r'. Kuna walioacha irabu moja ya mwisho. Na kuna walioandika .com badala ya .co.ke. Akanunua majina hayo matatu na kumwomba fundi wake ayaelekeze yote kwenye tovuti yake halisi. Tangu hapo mgeni akikosea, anafika tu.

Huenda ukauliza, mbona asinunue majina yote yanayoweza kukosewa akamaliza? Hebu tupige hesabu. Tuseme una duka la mapazia nawe umelipa anwani ya zawadimapazia. Jina hilo lina herufi 13. Mtu akiacha herufi moja, kuna makosa 13. Akipindua herufi mbili zinazofuatana, kuna 12. Akirudia herufi moja mara mbili, kuna 13. Akibadilisha herufi moja kwa nyingine yoyote kati ya 25 zilizobaki katika alfabeti ya kibodi, kuna 325. Jumla ni 363. Zidisha kwa miishio mitatu tu, yaani .com, .ke na .co.ke, upate 1,089. Hata tukisema kila jina ni shilingi elfu moja kwa mwaka, ungelipa zaidi ya milioni moja kila mwaka ili kulinda duka la mapazia!

Kwa hiyo haiwezekani kuziba kila tundu. Linalowezekana ni kuyajua matundu ambayo wateja wako hasa hupitia, na hapo ndipo wengi wetu hupotoshwa na mashauri ya kuiga. Mashauri mengi kutoka ng'ambo huhusu makosa ya vidole. Mwaka 2005, kwa mfano, kampuni ya Google ilimlalamikia mtu mmoja wa Urusi aliyekuwa amesajili majina kama googkle, ghoogle, gfoogle na gooigle. Tazama kibodi yako. Herufi 'k' iko kando ya 'l', nayo 'h' na 'f' zinapakana na 'g'. Hayo ni makosa ya mtu mwenye haraka. Google ilidai kwamba kurasa hizo zilitumiwa kupenyeza programu mbovu katika tarakilishi za watu, na msuluhishi nchini Marekani akaamua kwamba majina hayo yapewe Google.

Kulikuwa na mabaya kuliko hayo. John Zuccarini wa Marekani alisajili maelfu ya majina yaliyokosewa, yakiwemo ya Disneyland na ya vipindi vya watoto kama Bob the Builder na Teletubbies. Mtoto aliyekosea kuandika alijikuta mbele ya picha za uchafu ambazo hata mtu mzima angeona haya kuzitazama. Mwaka 2004 Zuccarini alihukumiwa kifungo cha miezi 30, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka mmoja tu kabla yake.

Hayo ya vidole yapo hata kwetu, lakini hapa tuna pia makosa ya sikio. Jina la biashara husambaa kwa mdomo. Anayelisikia huliandika kwa sikio lake, na sikio limelelewa na lugha ya mama. Wako ambao 'r' na 'l' kwao ni ndugu mapacha. Wako wasiotenganisha 's' na 'z', wala 'b' na 'p'. Wako wanaotia 'm' au 'n' pasipo na haja, na wanaoidondosha 'h'. Sisemi haya kumcheka mtu, kwani kila mmoja wetu ana mahali ulimi wake hukwama. Nasema ili ujue kwamba tapeli wa hapa nyumbani anazijua lugha zetu vyema kuliko mtaalamu wa mbali. Katika chuo nilikosomea uanahabari, somo la kwanza kabisa lilikuwa kumwomba unayemhoji akuandikie jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye biashara anahitaji kufanya kinyume chake, amwombe mteja amwandikie jina la biashara.

Hata hivyo, tusimwite kila anayefanana nasi mwizi. Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft iligombana na mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kanada aitwaye Mike Rowe. Alikuwa ameongeza neno 'soft' kwenye jina lake, akasajili MikeRoweSoft. Litamke kwa sauti nawe utasikia tatizo liko wapi. Lakini jina lilikuwa lake la kuzaliwa, na watu wengi walimwonea huruma. Mwishowe walipatana. Kijana akaliachia jina na kupewa zawadi, ikiwemo mashine ya michezo ya Xbox. Ukimkuta mwenzako ana jina linalokaribiana na lako na anauza bidhaa zake kwa haki, zungumza naye kwanza.

Jambo lingine ambalo wengi husahau ni barua-pepe. Anwani iliyokosewa hupoteza barua pia. Anwani za jeshi la Marekani huishia kwa .mil, na zile za nchi ya Mali huishia kwa .ml. Julai 2023 ilifichuliwa kwamba Mholanzi mmoja aliyekuwa akisimamia anwani za Mali kwa mkataba alikuwa amekusanya karibu barua 117,000 tangu Januari mwaka huo, zote zikiwa za watu waliokosea herufi moja. Ndani yake mlikuwa na habari za matibabu, ratiba za safari na maneno ya siri. Ikiwa jeshi zima linaweza kupotelewa hivyo, sembuse ankara ya duka lako?

Tena tapeli hutumia njia hiyo hiyo kukuandikia wewe. Anasajili jina linalofanana na la msambazaji wako, kisha anakuarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Herufi 'r' na 'n' zikikaribiana huonekana kama 'm', na nambari 1 hufanana na herufi 'l'. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba akaunti ya malipo imebadilika, usijibu barua hiyo. Mpigie simu mhusika kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa katika barua mpya.

Na wewe uliye mteja, usidanganywe na ile alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani. Kufuli huonyesha tu kwamba mazungumzo yako na ukurasa huo hayasikilizwi na mtu wa tatu. Haisemi unayezungumza naye ni nani. Hata tapeli anaweza kupata kufuli, tena bila malipo. Bora utazame jina la anayepokea pesa kwenye M-Pesa. Ukiona umetajiwa biashara lakini jina linalokuja ni la mtu binafsi usiyemfahamu, simama hapo hapo uulize.

Je, sheria inasemaje? Sheria yetu ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mitandaoni, katika kifungu cha 28, imeharamisha kulichukua au kulitumia kwenye mtandao jina la mtu, la biashara, nembo au jina la kikoa la mwingine bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. KENIC nayo ina utaratibu wa kusuluhisha mizozo ya majina ya .ke, na visa vya utapeli vinaweza kuripotiwa kwa kituo cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa majina ya .com, unaweza kulalamika kwa shirika la WIPO mjini Geneva, ambapo ada huwa dola 1,500 hata kwa jina moja tu. Utahitaji kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, kwamba jina hilo linafanana na nembo yako kiasi cha kuwachanganya watu. Pili, kwamba aliyelisajili hana haki nalo. Tatu, kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Linganisha gharama hiyo na bei ya kulisajili jina hilo mapema, kisha ujiamulie.

Yako mambo mengine madogo yasiyohitaji fundi. Unapochagua jina, chagua lile linaloweza kutajwa kwenye simu bila kurudiwa, lisilo na vistari wala tarakimu. Lisajili kwa jina lako na kwa barua-pepe yako, si kwa jina la kijana aliyekutengenezea tovuti, maana siku mkikosana au akihama, mlango ni wake. Weka tarehe ya kulipia upya mahali utakapoiona, kwa sababu jina lililoachwa lipite muda wake huokotwa na mwingine. Chapisha nambari moja tu ya malipo, ile ile kila mahali, ili mteja akiona nyingine ashtuke. Mara moja kwa mwezi, andika mwenyewe jina lako likiwa limekosewa, uone linakupeleka wapi.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini siku hizi mwangaza huo huo huwavutia hata wanaotaka kuliigiza. Basi leo, msomaji, fanya jambo hili moja. Watafute watu watatu, mmoja awe mzee, mmoja awe kijana, na mmoja awe wa kabila lisilo lako. Watamkie jina la biashara yako mara moja tu, kisha uwape karatasi waliandike. Usiwasahihishe. Karatasi hizo zitakuonyesha ni majina gani uyasajili kesho kabla hujatanguliwa na mwingine.